Bahasha Mbili za Balozi

Edwin Njenga alisema saa tatu asubuhi, na saa tatu kamili alifungua lango kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa amevaa suti ya kijivu na tai, ingawa hakuwa na safari. Alikuwa na miaka themanini na moja na bado alitembea wima. Alimwongoza Waiyego hadi kwenye veranda ya nyumba yake ya Elgon View, akamwonyesha kiti, akangoja akae kwanza ndipo naye akaketi.

Waiyego alikuwa polisi kwa miaka kumi na minne kabla ya kufungua ofisi yake ya upelelezi juu ya duka la matairi mjini Eldoret. Kesi zake nyingi zilikuwa za ng'ombe walioibwa Ainabkoi na mipaka ya mashamba iliyosogezwa. Hii ya sasa ilihusu orodha ya majina matano.

Kamati moja jijini Nairobi ilikuwa ikiandika historia ya mabalozi wa Kenya nchini Karvenia, nchi ndogo ya Ulaya yenye theluji miezi mitano kwa mwaka. Walianza na balozi wa kwanza wa mwaka 1976 wakafika hadi wa mwisho, na kwa hesabu yao walikuwa watano. Hodan Mahamud, mwenye duka la vitambaa hapo mjini, alisema walikuwa sita. Aliyeachwa nje alikuwa babake, Mahamud Yasin. Aliingia Karvenia tarehe mosi Machi 1988, na tarehe ishirini mwezi huohuo moyo wake ukasimama akiwa mezani akinywa chai. Alizikwa hukohuko kesho yake. Kamati haikukataa kwamba alitumwa. Ilisema tu kwamba alikufa kabla hajawa balozi.

Mamake Hodan, Mama Rukia, alikuwa na miaka sabini na minane, na tangu mwaka ule wa 1988 amejiita mjane wa balozi. Mtaani kuna watu waliomwita mumewe balozi wa njiani, na hawakunong'ona. Kitabu kikitoka bila jina lile, wangepata la kumwonyesha. Siku Hodan alipopanda ngazi za ofisi ya Waiyego hakusema mengi.

"Mimi naweza kuishi bila hicho kitabu, madam," alisema. "Hooyo hawezi." Ndivyo alivyomwita mamake.

Mhariri wa kitabu, bwana mmoja anayeitwa Lawrence, alikuwa amewapa hadi Ijumaa saa sita mchana. Baada ya hapo kurasa zingekwenda kuchapwa. Leo ilikuwa Jumatano.

Njenga alimimina chai. Mwaka ule wa 1988 yeye ndiye alikuwa katibu wa kwanza pale ubalozini, na balozi alipokosekana ndiye aliyekaimu. Ripoti yake ndiyo iliyotegemewa na kamati.

"Nianze na jambo ambalo watu hawalijui," alisema. "Mtu hawi balozi siku anapoteuliwa. Hawi balozi siku anaposhuka kwenye ndege. Anakuwa balozi saa ile anapokabidhi hati zake kwa rais wa nchi aliyotumwa. Kabla ya hapo ni mgeni mwenye suti nzuri."

"Na Mahamud hakukabidhi?"

"Sherehe ilipangwa Jumanne, tarehe kumi na tano. Tukaenda. Tukafika getini kwa rais, tukaambiwa ana homa, turudi. Tukarudi. Jumapili Mahamud akafariki." Alitoa karatasi kwenye bahasha ya kaki, akaiweka mbele yake. "Hii ni nakala ya ripoti yangu ya Alhamisi, tarehe kumi na saba. Soma mwenyewe."

Waiyego alisoma. Ripoti ilisema wazi kwamba sherehe iliahirishwa na tarehe mpya haikuwa imetolewa. Njenga akampa na ripoti iliyofuata, ya Alhamisi ya tarehe ishirini na nne; ilieleza kifo na mazishi na haikugusa sherehe kabisa.

Akamwambia Njenga kwamba dereva wa ubalozi, Mzee Thuo, anakumbuka safari mbili za kwenda kwa rais, na kwamba safari ya pili walirudi bendera ikipepea kwenye gari. Njenga alitabasamu kidogo. Akajibu kwamba Thuo ni mtu mwema lakini amezeeka, amechanganya siku za mazoezi na siku ya sherehe, na kuhusu bendera, yeye Njenga ndiye aliyemkaripia kwa kuifungua bila ruhusa. Tena, akaongeza, dereva hukaa nje na gari. Hawezi kushuhudia la ndani.

"Umwamini dereva au uamini faili?" aliuliza. "Hilo ndilo swali lako, Bi Waiyego."

Waiyego aliandika swali hilo kwenye daftari. Halafu akaomba aelezwe jinsi sherehe yenyewe inavyoendeshwa, kwa sababu hajawahi kuiona. Hapo mzee akachangamka. Aliondoa vikombe kwenye sinia, akakunja vitambaa viwili vya mezani na kuvilaza juu yake.

"Bahasha ni mbili," alisema. "Hii ya kulia ina hati ya utambulisho. Inasema, rais wangu anamleta fulani awe balozi wake kwako. Hii ya kushoto ina hati ya kumrudisha yule aliyetangulia. Inasema, yule wa zamani nimemwita nyumbani, usimhesabu tena. Moja inafungua mlango, nyingine inaufunga. Balozi habebi. Anayebeba ni mtu wa itifaki, na kwa miaka yangu alikuwa mimi. Ona nilivyoziweka. Hazipandani. Zinalala sambamba ili rais aone zote mbili."

"Na kama aliyetangulia amekufa?"

"Aliyekufa hahitaji kuitwa nyumbani. Hapo inakuwa moja."

Alirudisha vikombe, kila kimoja mahali pake. Alipomsindikiza hadi langoni alisema Mahamud alikuwa mtu mzuri na kwamba yeye hampingi marehemu. Anapinga kumbukumbu mbovu tu.

*

Mzee Thuo aliishi Munyaka, kwenye ploti iliyojaa kabeji hadi mlangoni. Alikuwa amevaa gambuti na sweta iliyotoboka viwiko. Mkewe, Njambi, alimwambia mgeni akae mbali na ng'ombe mweusi, kwa sababu hapendi wanawake wenye mikoba.

"Umetoka kwa Njenga?" aliuliza Thuo.

"Ndiyo, Mzee."

"Bado anavaa tai?"

"Bado."

"Huyo siku yake ikifika ataifunga mwenyewe kwanza, ndipo akubali kulala."

"Wewe nyamaza," Njambi alimwambia. "Huyo angalau ana tai."

Thuo aliendesha gari la ubalozi kwa miaka ishirini na saba, kuanzia siku ulipofunguliwa. Aliyoyasema kuhusu Machi 1988 Waiyego alikuwa ameyasikia kwa Hodan, lakini alimwacha aseme tena, na hayakubadilika. Jumanne walikwenda wakarudishwa. Ijumaa asubuhi simu ikalia ghafla: rais amepona na anawangoja saa sita. Wakaondoka mbio, balozi akijifunga kifungo cha koti akiwa ndani ya gari. Yeye Thuo alibaki uani saa nzima, miguu imekufa ganzi kwa baridi. Walipotoka, Njenga alimwambia kwa mdomo wake mwenyewe, fungua bendera. Gari la ubalozi hubeba bendera yake ndani ya kifuko cha ngozi mpaka balozi akubaliwe. Alivua kifuko, bendera ikapepea hadi nyumbani. Mahamud akateremsha kioo, theluji ikaingia, akakataa kukifunga.

"Njenga anasema alikukaripia," Waiyego alisema.

"Mimi? Kwa bendera?" Thuo alimtazama mkewe. "Alinikaripia mara moja tu, na ilikuwa kwa kula mayai ya kuchemsha ndani ya gari."

Yote yalikuwa maneno ya mtu mmoja dhidi ya mwingine. Waiyego alimwuliza kama ana kitu chochote cha kuonyesha. Thuo akamwingiza sebuleni. Ukutani, juu ya kochi, kulikuwa na picha tano ndani ya fremu. Akaeleza kwamba hiyo ilikuwa desturi yake. Kila balozi, asubuhi ya kukabidhi hati, lazima asimame kando ya gari apigwe picha na dereva wake kabla ya kuondoka. Wakirudi watu wana njaa na tai zimelegea, kwa hiyo ni kabla.

"Picha tano," alisema Waiyego.

"Tano."

"Na Mahamud hayupo."

Thuo alikaa kwenye kochi bila kuvua gambuti, na Njambi hakumwambia kitu. Alisema watu wa kamati nao walihesabu hivyohivyo. Walikuja, wakaangalia ukuta, wakasema: kila balozi ana picha, huyu hana, basi. Ukweli ni kwamba Jumanne mpiga picha alikuwepo. Mahamud ndiye aliyekataa.

"Aliniambia, Thuo, sipigi picha ya kazi ambayo sijaifanya. Tutapiga tukirudi. Tukarudi mikono mitupu. Ijumaa tukatoka mbio, hakuna mpiga picha. Akasema basi Jumatatu." Thuo alitazama gambuti zake. "Jumatatu nilimbeba kwenda makaburini."

Waiyego hakuandika hilo. Alisimama mbele ya ukuta, akaanza kuangalia picha moja baada ya nyingine, polepole, kama alivyozoea kuangalia chumba ambacho kitu kimepotea. Gari jeusi. Balozi. Thuo akizidi kuzeeka. Na nyuma yao, katika kila picha, mtu wa itifaki ameshika sinia ndogo ya mbao.

Aliomba ruhusa akaziteremsha zote, akazipanga mezani. Njambi akaleta kitambaa, akafuta vioo.

Picha ya kwanza, 1976: sinia ina bahasha moja. Ilikuwa sawa, kwa sababu hakukuwa na balozi kabla yake wa kuitwa nyumbani. Ya pili: bahasha mbili. Ya tatu, Balozi Mbuthia, 1983: mbili, na aliyeshika sinia ni Njenga, kijana na mwembamba. Ya tano na ya mwisho: mbili.

Akabaki na ya nne. Huyo alikuwa Balozi Opiyo, aliyefika Februari 1989, miezi kumi na moja baada ya kifo cha Mahamud. Njenga yuko nyuma yake, sinia imeinuliwa kifuani kwa mikono miwili, imeelekea kamera. Juu ya sinia kulikuwa na bahasha moja, imelala upande wa kulia. Upande wa kushoto ulikuwa mtupu.

"Mzee, Balozi Mbuthia aliondokaje?"

"Alihamishwa. Januari themanini na nane. Nilimpeleka uwanja wa ndege na mbwa wake."

"Hakufia kule?"

"Mbuthia? Alikufa juzi, hapa nyumbani, akiwa na wajukuu kumi na tisa."

Waiyego aliweka kidole kwenye kioo. Akawaeleza taratibu, kwa sababu alitaka kujisikiliza mwenyewe. Kama Mahamud hakuwahi kukabidhi hati zake, basi mbele ya rais wa Karvenia balozi aliyetangulia bado ni Mbuthia, mtu aliye hai aliyehamishwa tu. Opiyo angepaswa kufika na bahasha mbili, moja yake na moja ya kumrudisha Mbuthia. Alifika na moja. Hati ya Mbuthia ilikuwa imeshakabidhiwa na mtu mwingine kabla yake, na kati ya Mbuthia na Opiyo alipita mtu mmoja tu.

Njambi ndiye aliyeelewa kwanza. Aliichukua picha ile, akaisogeza karibu na dirisha.

"Miaka yote hii ninaifuta vumbi," alisema.

*

Waiyego alimpigia Lawrence akiwa bado kwenye ploti ya kabeji. Lawrence alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mtu wa haki, lakini alikuwa na mashaka yake, na aliyasema. Pengine makao makuu ya wizara, Nairobi, walisahau tu kuandika hati ya pili. Picha haiwezi kuonyesha kilichosahauliwa.

Lilikuwa pingamizi zuri na Waiyego alilikubali. Akamwomba atafute kwenye faili maagizo yoyote aliyotumiwa Njenga kabla Opiyo hajasafiri. Lawrence alisema faili la mwaka ule ni nene. Waiyego akamwambia atangoja.

Alingoja akila viazi vya Njambi. Saa kumi kasorobo simu ikatoa mlio. Lawrence alikuwa ametuma picha ya barua ya Novemba 1988, mistari minne tu, kutoka makao makuu kwenda kwa kaimu balozi. Iliarifu kwamba Balozi Opiyo atakuja na hati yake ya utambulisho peke yake. Ya kumrudisha Balozi Mbuthia, aliyopewa marehemu Bwana Mahamud Yasin, itumike ileile iliyobaki kwenye sefu ya ubalozi.

Makao makuu, kwa hiyo, hawakusahau. Waliamini hati iko kwenye sefu. Na asubuhi ya sherehe Njenga, mtu aliyelaza vitambaa sambamba kwenye sinia ya chai, alitoka nje bila hiyo hati.

Lawrence akapiga tena. Alisema sasa anaamini. Hata hivyo kamati yake ina wazee wagumu, na hawataitupa ripoti ya katibu wa kwanza kwa sababu ya picha ya sebuleni. Njenga mwenyewe akiandika na kutia sahihi kwamba sherehe ilifanyika, jina litaingia siku hiyohiyo.

"Na asipoandika?"

"Basi nitaweka maelezo madogo chini ya ukurasa. Ati inadaiwa."

Waiyego alifikiria Mama Rukia akisomewa neno hilo.

*

Alhamisi Njenga alikuwa na tai nyingine. Chai ilikuwa tayari. Waiyego hakukaa mpaka alipoweka vitu viwili mezani: picha ya Opiyo, ambayo Thuo aliifunga kwa gazeti na kuitoa kwa shida, na karatasi yenye barua ya Novemba.

"Barua inasema hati ya kumrudisha Balozi Mbuthia iko kwenye sefu, na funguo za sefu ulikuwa nazo wewe," alisema. "Hii hapa ni sinia yako, Mzee. Ile bahasha nyingine ilikuwa wapi?"

Njenga alivaa miwani. Aliisoma barua, ingawa aliijua. Halafu akaiangalia picha kwa muda mrefu zaidi, akajiangalia mwenyewe akiwa na nywele.

"Ilikuwa kwa rais wa Karvenia," alisema mwishowe. "Alipewa na Mahamud. Ijumaa, tarehe kumi na nane, saa sita na robo mchana. Mimi nilikuwa nimeshika sinia."

Waiyego alikaa.

Mzee alieleza bila kuombwa, kwa mpangilio, kama mtu anayesoma ripoti ambayo amekuwa nayo kichwani miaka mingi. Barua za ubalozi zilisafiri ndani ya mfuko mmoja uliofungwa kwa lakiri, na mfuko ulifungwa kila Alhamisi saa sita mchana. Hakuna aliyeufungua mpaka Nairobi. Alhamisi aliandika kwamba sherehe imeahirishwa, na ilikuwa kweli. Ijumaa sherehe ikafanyika. Hilo lilikuwa jambo la furaha, lisilo na haraka, kwa hiyo lingengoja mfuko wa wiki inayofuata. Simu ya maandishi ilikuwa ya dharura tu. Jumapili Mahamud akafa, na dharura ikawa hiyo. Wiki ile alitafuta shehe, kaburi, sanda. Alhamisi iliyofuata aliandika kuhusu kifo, akafunga mfuko.

"Nilisahau, Bi Waiyego. Niliisahau Ijumaa. Baada ya mwezi nikakumbuka, na tayari Nairobi walikuwa wameniandikia wakimwita balozi mteule, na mimi kaimu tangu Januari. Kusahihisha ni kusema kwamba katibu wa kwanza alizika balozi kamili bila kumpa heshima ya balozi. Bila bendera kwenye jeneza. Unajua hilo ni nini katika kazi yetu?"

"Na Opiyo hakuuliza hati?"

"Nilimwambia ilishakabidhiwa. Alisema vizuri. Opiyo alikuwa mtu wa gofu."

"Bendera ya Thuo?"

Njenga alivua miwani. "Nilimwagiza mimi. Nilikudanganya jana, na nilimsingizia."

Ng'ombe walilia kwa jirani. Waiyego angeweza kumwambia kwamba ataipeleka picha na barua kwa kamati hata asipotia sahihi, na kwamba neno lolote litakaloandikwa chini ya ukurasa litamfuata yeye pia. Alikuwa amejiandaa kusema hivyo. Badala yake alimwuliza ni nini hasa anachoogopa kupoteza leo, mwaka huu, akiwa na miaka themanini na moja.

Mzee alisogeza kikombe chake katikati ya sahani.

"Kitabu kina ukurasa wa makaimu," alisema. "Nimeandikwa hapo. Januari 1988 hadi Februari 1989. Miezi kumi na tatu mfululizo, kuliko kaimu mwingine yeyote. Wajukuu wameshaambiwa."

Waiyego alifungua daftari, akapiga hesabu mara mbili ili awe na hakika.

"Mahamud akiingia, ukaimu wako wa kwanza unaisha tarehe kumi na nane Machi," alisema. "Wa pili unaanza tarehe ishirini. Hutapotea, Mzee. Utaandikwa mara mbili."

Njenga alimtazama. Kisha akacheka kicheko kidogo kilichomshangaza yeye mwenyewe, akainuka kutafuta kalamu. Aliandika ukurasa mmoja na nusu kwa mkono, bila kufuta neno, akatia sahihi na tarehe. Alipomkabidhi aliuliza kama Mama Rukia ameshaambiwa. Waiyego akasema bado.

"Basi niache nimwambie mimi," alisema. "Nipe dakika tano. Nitabadilisha viatu."

*

Mama Rukia alikuwa nyuma ya duka, kwenye chumba chenye zulia, amezungukwa na marobota ya vitambaa. Hodan alimpa Njenga kiti. Yeye akakataa kukaa. Akasimama mikono imeshikana mbele, akasema yote tangu mfuko wa Alhamisi hadi barua ya Novemba, na hakuruka kosa lake hata moja. Kuhusu Thuo alisema atakwenda Munyaka kumwomba msamaha, ng'ombe mweusi akimruhusu.

Waiyego alikuwa mlangoni. Alitarajia machozi au hasira, na alikuwa amechagua mahali pa kusimama kwa ajili ya yote mawili. Mama Rukia alinyoosha ushungi wake.

"Kaa, Njenga. Shingo inaniuma kukutazama."

Njenga akakaa.

"Mahamud aliniandikia kila Jumapili," alisema mama. "Ile Jumapili hakuwahi. Kwa hiyo mimi Ijumaa yake siijui. Nimeletewa sanduku la nguo, sikuletewa siku. Hebu nipe. Alivaa nini?"

Njenga alifikiri. Alisema koti jeusi refu, na kofia yake ya kufuma ambayo itifaki haikuiruhusu, na yeye Njenga hakuthubutu kumwambia aivue. Alisema rais wa Karvenia alimwuliza Mahamud anatoka sehemu gani ya Kenya, na Mahamud akasema Eldoret. Rais akauliza huko kuna joto kiasi gani. Mahamud akamwambia kuna baridi, ndiyo maana wamemtuma yeye.

Mama Rukia alicheka hadi akashika goti. Hodan alikuwa akifuta macho na kitambaa cha dukani chenye lebo ya bei. Mama akaomba aambiwe tena, hilo la baridi, na Njenga akalisema tena, safari hii akiiga sauti nzito ya rais. Chai ya tangawizi ikaletwa. Walipofika mahali ambapo Mahamud aliteremsha kioo cha gari theluji ikaingia, Waiyego aliaga kwa mkono, na hakuna aliyemwona akitoka.

Ijumaa saa tano na nusu Lawrence alipiga simu dukani, na Hodan akaiweka kwenye kipaza sauti ili mamake asikie. Waiyego alikuwa pale, amekuja kuchukua picha ya Thuo aliyoiacha hapo jana. Lawrence alisema maandishi ya Njenga yamefika na ukurasa uko tayari: Balozi wa Nne, Mahamud Yasin, tarehe 18 Machi 1988 hadi tarehe 20 Machi 1988. Alikuwa na swali moja. Kila balozi ameandikiwa muda aliotumikia, miaka minne, miaka sita. Kwa heshima ya familia, kwa Balozi Mahamud wangeweza kuacha nafasi hiyo wazi, watu wasianze kuhesabu.

Hodan alimgeukia mamake. Mama Rukia alisogea karibu na simu, akainama.

"Usiache wazi, mwanangu," alisema. "Andika siku tatu. Alizifanya zote."